Fatma Ali Wawili wa Darasa la Nne

Walimu wenzangu mliobaki kazini,

Siku ya kuniaga mlinipa leso mbili, saa ya ukutani, na keki yenye jina langu lililokosewa herufi moja. Nashukuru kwa vyote. Kisha mwalimu wa zamu akanivuta kando akaniomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi. "Mambo ya kututia moyo, Mwalimu Saumu," akasema. Hii ni wiki ya tatu nimeketi hapa nyumbani Kuze na karatasi mbele yangu, na kila nikishika kalamu, kinachonijia ni hasira. Basi nitaandika hiyo hasira. Vyeo nilivyopanda mtavikuta kwenye faili, na mshahara wangu hauna siri, ulikuwa mdogo sawa na wenu. Nataka kuwaambia habari za darasa moja, la nne C, kwa sababu nimeona muhula huu mmeanza tena kuwapanga watoto kwa alama, na mnaiita kwa jina zuri, "kulingana na uwezo".

Nilifika shule moja ya msingi pale Tononoka mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya miaka minne ya kufundisha Kinango. Mwalimu mkuu alikuwa mtu nadhifu, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, nyekundu, buluu na nyeusi. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za Kinango, kisha akafungua daftari lake.

"Mwalimu Saumu, wewe ni mgeni. Utachukua nne C."

"Nne C ina nini, Bwana Mkuu?"

"Ina watoto," akasema, na naibu wake akacheka. "Watulize tu. Usijisumbue sana na silabasi."

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Kuanzia la kwanza hadi la tatu watoto walisoma wamechanganyika. Mwisho wa darasa la tatu walifanya mtihani, alama zikapangwa kutoka juu hadi chini, kisha orodha ikakatwa kwa rula: arobaini na tano wa kwanza nne A, waliofuata nne B, waliobaki nne C. Baada ya hapo walimu waliombwa majina ya watundu. Mtoto aliyepigana, aliyejibu mwalimu, aliyezoea kuchelewa, huyo alitelemshwa hadi C hata kama alikuwa na alama za A. Kwa hiyo darasa langu lilikuwa mkusanyiko wa wasioweza kusoma, wasioweza kukaa kimya, na wasiokuwa na baba kwenye kamati ya shule.

Chumba chetu kilikuwa mwisho wa jengo, karibu na vyoo. Zamani kilikuwa stoo ya nyavu za mpira na mikuki ya kurusha, na ofisini walimu waliendelea kukiita stoo. "Nani yuko stoo kipindi cha tatu?" Mimi ndiye niliyekuwa stoo. Kilikuwa na dirisha upande mmoja tu. Vitabu vya hesabu nne A walishirikiana wawili kwa kimoja, na sisi saba kwa kimoja. Mtoto wa saba alikuwa anakisoma kitabu kichwa chini, na niliwahi kuwa na msichana ambaye mpaka leo nadhani anasoma vizuri zaidi kitabu kikiwa kimepinduliwa.

Siku ya tatu alikuja mlangoni mwalimu mrefu mwenye sauti ndogo, mkononi ana nusu boksi ya chaki. Alikuwa Mwalimu Mwakio, mtu wa Taita, mwalimu wa nne A, na alikuwa ameshafundisha miaka ishirini na sita.

"Hizi ni za kwako," akasema. "Sisi hupewa boksi tatu. Nyinyi hupewa moja na mnaambiwa mnaharibu."

Yote ninayoyajua ya kushika darasa nilifunzwa na mtu huyo, na sikuyapata chuoni. Andika ubaoni kabla watoto hawajaingia, kwa maana darasa la watoto hamsini haligeuziwi mgongo dakika kumi. Mwenye kelele zaidi mpe kazi ya kugawa madaftari, ili apate sababu halali ya kutembea. Usimwite mtoto mbele kwa aibu, mwite kwa kazi. Na jambo alilolisisitiza kuliko yote: "Jifunze miandiko yao. Siku moja utaokota karatasi haina jina na utataka kujua ni ya nani."

Nikaanza kuwajua. Kulikuwa na msichana aliyewekwa C kwa kosa la "fujo wakati wa gwaride", nikagundua ana kifafa, na fujo yenyewe ilikuwa kuanguka. Kulikuwa na kijana mkubwa kutoka Kaloleni, hajui Kiingereza hata cha kuombea ruhusa, na mtihani ulikuwa kwa Kiingereza. Ukimpa hesabu kwa Kigiriama alikuwa anakujibu kabla hujamaliza kusema. Wengine walikuwa hawaoni ubao. Wengine walikuja na njaa. Wako pia waliokuwa wazito wa kushika jambo, sikatai, na wako waliokuwa wakorofi kwelikweli, mmoja alinifungia ndani ya stoo mara mbili. Lakini mtihani wa darasa la tatu haukuwatenganisha hawa na wale. Uliwasomba wote kwa beleshi moja.

Sasa nifike kwa Fatma.

Jina lake kwenye rejista lilikuwa Fatma Ali. Alikuwa mdogo wa umbo, kimya, anakaa dawati la tatu ukutani. Muhula ukiwa katikati niliwapa hesabu za kugawanya, akapata zote. Nikashuku. Nikamhamisha mbele kabisa, peke yake, nikawapa nyingine ngumu zaidi. Akapata zote tena. Mpaka niko ofisini nasahihisha ndipo nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. Nilimdhania ananakili, lakini anamnakili nani? Darasa zima hakuna mwingine aliyepata hata nusu.

Nilimpelekea Mwalimu Mwakio lile daftari wakati wa chai. Akaliangalia kwa muda, chai yake ikapoa.

"Huyu ni Fatma Ali," nikamwambia. "Alikuja na thelathini na moja."

"Mimi pia nina Fatma Ali," akasema. "Wangu alikuja na themanini na tisa. Na hesabu hizi wangu haziwezi."

Karatasi za mtihani wa mwaka uliopita zilikuwa bado kwenye katoni juu ya kabati. Tukazishusha, tukazipekua, tukapata karatasi mbili za hesabu zenye jina hilo hilo. Baba wa mmoja aliitwa Ali Omar na wa mwingine Ali Athman, lakini watoto waliandika majina mawili tu, kama walivyofundishwa. Hapakuwa na haja ya kubishana. Fatma wangu alikuwa na mwandiko ulioinama kushoto, na saba yake aliikata kistari katikati kama mamake. Karatasi ya themanini na tisa ilikuwa imejaa saba zenye vistari. Aliyenakili alama kwenye orodha aliliona jina mara mbili, akagawa alivyogawa, na watoto wawili wakaingia milango miwili tofauti.

Nilifikiri Mwalimu Mwakio atakasirika. Badala yake alivua miwani akakaa ukingoni mwa meza.

"Hebu lete mtihani wa wiki iliyopita," akasema.

Ulikuwa mtihani wa darasa lake. Fatma wake, yule wa thelathini na moja, alikuwa wa kumi na tisa kati ya arobaini na tano.

"Unaona?" akaniambia. "Nimemfundisha kama mtoto wa themanini na tisa. Nimemwuliza maswali ya mtoto wa themanini na tisa. Akishindwa, nilidhani ana usingizi, nikamweleza tena. Basi naye amesoma." Akavaa miwani tena. "Miaka ishirini na sita nimeamini kwamba tunawapanga kama walivyo."

Walimu wenzangu, mkitaka kuacha kusoma hapa, acheni, kwa sababu jambo lenyewe mmeshalisikia. Yanayofuata ni namna watu wazima walivyojitahidi kutolisikia.

Tulikwenda kwa mwalimu mkuu siku ile ile. Hakukataa. Aliziangalia karatasi zote mbili kwa makini, hata akavisifu vistari vya saba.

"Makosa ya kibinadamu," akasema.

"Basi tumpandishe Fatma wangu," nikasema.

"Na yule mwingine?"

"Abaki alipo. Anaendelea vizuri."

"Nne A ni watoto arobaini na tano, Mwalimu."

"Watakuwa arobaini na sita."

"Nikiongeza mmoja kwa kuwa alikosewa, kesho wangapi watakuja kuniambia nao wamekosewa?"

"Huenda wamekosewa," nikasema.

Alifunga jalada. "Wabadilishane. Mmoja apande, mwingine ashuke. Haki ndiyo hiyo. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyeanzisha, wewe ndiye utakayewaeleza wazazi."

Alijua anachofanya. Babake Fatma wa nne A alikuwa mjumbe wa kamati. Mkuu alitaka nichague kunyamaza.

Jioni nilikwenda kwa Bi Khadija, mamake Fatma wangu. Kwao na kwetu ni vichochoro vinne tu. Nikabisha hodi, akanikaribisha, nikamkuta anashona kofia, sindano inakwenda huku macho yananitazama mimi. Nikamweleza kila kitu, tangu daftari mpaka katoni. Alipofahamu, sindano ikasimama.

"Nilimpiga, Mwalimu," akasema.

Nikasogea nikaketi karibu naye.

"Alipoleta ripoti ile nilimpiga. Miaka mitatu yuwaja na alama nzuri, mara yuwaniletea thelathini na moja. Nikasema huyu ameanza mchezo. Akaniambia, 'Mama, hizi si alama zangu.' Nikampiga tena kwa kusema uongo."

Mtoto alikuwa chumba cha pili. Bi Khadija hakumwita. Aliweka kofia chini, akainuka, akaenda kule ndani, na alikaa huko muda mrefu hata nikafikiri niondoke. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Ntakuja skuli," akasema. "Niambie siku tu."

Tulikutana Ijumaa asubuhi ofisini kwa mkuu: yeye, Mwalimu Mwakio, mimi, Bi Khadija, na Bi Nuru, mamake Fatma wa nne A. Mume wa Bi Nuru alituma salamu kwamba yuko safarini. Bi Nuru alikuwa ameshapata habari. Aliketi akishika ncha ya buibui lake, anaikunja na kuikunjua.

"Mwanangu mwaka huu yuwaipenda skuli," akasema kabla hajaulizwa. "Mwaka jana kila asubuhi alikuwa alia, tumbo lamuuma. Mwaka huu hata homa yuwaificha asije akabakishwa nyumbani."

Mkuu akamgeukia Bi Khadija kwa upole mkubwa. "Mama, wewe ndiye mwenye haki. Sema neno moja tu, Jumatatu mwanao yuko nne A, na huyu wa mwenzako yuko nne C."

Bi Nuru akaanza kulia, bila sauti.

Bi Khadija alimtazama yule mama, kisha akamtazama mkuu. "Nataka kuuliza, Bwana Mkuu. Huko C kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni darasa kama mengine."

"Mwalimu ni yule yule wa serikali?"

"Ndiyo."

"Masomo ni yale yale?"

"Yale yale."

"Basi kama ni darasa kama mengine, huyu mama alilia nini?"

Mkuu akapanga kalamu zake mezani.

"Mimi sitaki mwanangu apande kwa kukanyaga mgongo wa mwana wa mwenzangu," Bi Khadija akasema. "Waweke wote wawili pamoja. Ama useme hapa mbele yetu kwamba hutaki."

"Si suala la kutaka, Mama. Ni nafasi. Ni madawati."

"Dawati nitaleta," Mwalimu Mwakio akasema. "Lipo moja kule kwa fundi, limebakia miguu miwili tu kutengenezwa."

"Mwalimu Mwakio, si dawati."

"Ulisema ni dawati."

Hapo ndipo nami nikasema ambayo sikupanga kusema. Nilisema kwamba kama mtoto wa thelathini na moja ameketi nne A akawa wa kumi na tisa, basi orodha nzima haina maana, na watoto hamsini wa stoo wamenyang'anywa mwaka kwa rula. Nilisema madarasa yote matatu yachanganywe muhula ujao. Nilisema na mengine kuhusu vitabu na chaki. Sauti yangu ilipanda, na sikuishusha.

Mkuu alisubiri nimalize. "Mwalimu Saumu," akasema, "siku utakapotaka kuwa mwalimu mkuu, peleka barua ya maombi."

Kikao kikaishia hapo. Kwa kuwa Bi Khadija alikataa kubadilishana, mkuu aliandika kwenye faili kwamba mzazi wa Fatma Ali wa nne C "ameridhika mtoto abaki alipo". Niliisoma kwa macho yangu. Bi Nuru alimngojea mwenziwe nje kwenye ngazi, akamshika mikono yote miwili, wakatoka lango pamoja. Wiki iliyofuata nilipata barua ya kutakiwa nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuwachochea wazazi. Nilijibu kwa kurasa nne. Nilifundishwa baadaye kwamba barua kama hizo hujibiwa kwa mistari mitatu.

Tulifanya tulichoweza. Siku mbili kwa wiki, kipindi cha hesabu, Mwalimu Mwakio aliniletea watoto kumi na tano wake akachukua kumi na tano wangu, Fatma wangu akiwemo, hivyo akina Fatma wote wawili wakasoma kwake. Hatukuomba ruhusa. Wenye kelele walikuwa bado na kelele, na mmoja wao alimfungia Mwalimu Mwakio nje ya darasa lake mwenyewe. Lakini wakorofi waliotawanywa walikosa wa kuwachekea, wakachoka mapema. Na yule kijana wa Kaloleni aliketi karibu na mtoto wa nne A aliyejua Kigiriama cha bibi yake, wakawa wanatafsiriana chini ya dawati. Mimi nilijifanya sisikii.

Ilidumu miezi miwili. Kisha mkuu alipita dirishani, akahesabu vichwa, akasimamisha.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuja ule ule kwa madarasa yote. Sehemu kubwa ilitoka kwenye kitabu ambacho watoto wangu walikuwa wakikisoma saba saba, na sura za mwisho hatukuzifikia. Sijitetei. Nilijaribu kunakili ubaoni kila siku mpaka chaki zikaisha Oktoba, tena nusu ya chaki zenyewe zilikuwa za Mwakio. Fatma wangu alikuwa wa kwanza katika nne C, na alama zake zilikuwa hamsini na nane. Fatma wa nne A alipata sabini na mbili.

Mkuu aliniita ofisini kunionyesha. Aliweka kidole kwenye ile hamsini na nane.

"Umeona sasa?" akasema. "Kelele zote zile. Nafasi yake ilikuwa hapo hapo."

Sijawahi kumpiga mtu mzima maishani mwangu. Siku ile niliweka mikono nyuma ya mgongo nikaishika kwa nguvu mpaka nikatoka nje. Huyu mtu hakuwa mjinga. Alikuwa amemwona mtoto akiingia na themanini na tisa, akamweka kwenye chumba kisicho na vitabu, na alipotoka na hamsini na nane akasema chumba kilimjua tangu mwanzo.

Fatma alipelekwa tano B. Mimi mwaka uliofuata nilipewa darasa la kwanza, na Mwalimu Mwakio akapata uhamisho kwenda shule moja ng'ambo ya Makupa. "Uhamisho wa kawaida," barua ilisema. Nilimsaidia kubeba vitabu vyake hadi kituoni, nikamwomba msamaha kwa kumtia matatani.

"Niliwapanga watoto miaka ishirini na sita na hakuna aliyenihamisha," akasema. "Nimewapangua miezi miwili. Wamenipunja kidogo tu."

Na ili msidhani kwamba kelele zetu hazikuzaa kitu, zilizaa azimio. Kamati ya shule ilikaa ikakubali kwamba herufi A, B na C zinavunja watoto moyo. Kuanzia muhula ule madarasa yakaitwa Lulu, Marijani na Johari. Watoto ni wale wale, mtihani ni ule ule, rula ni ile ile. Haikupita wiki, mtoto akiangusha kikombe uwanjani wenziwe walimcheka, "Johari."

Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo, hapo na katika shule hii yenu, na habari ya akina Fatma wawili nimeisimulia mara nyingi kwenye semina na kwenye chai. Kila nilipoisimulia nilikuwa upande mzuri. Mkuu alikosea, aliyenakili orodha alikosea, kamati ilikosea, hata mama masikini alikosea na akajuta. Mimi nilikuwa mwalimu aliyegundua.

Miaka mitatu kabla sijastaafu nilikuwa meza ya kuandikisha watoto wa darasa la kwanza, hapa hapa kwenu. Alikuja mama mmoja wa makamo, kifurushi cha vitambaa kwapani, amemshika binti yake mkono. Akaniamkia kwa jina. Sikumtambua mpaka alipojaza fomu, nikaiona saba.

"Fatma," nikasema.

"Ndimi, Mwalimu."

Nilimkalisha, nikaacha foleni isubiri. Aliniambia alifika kidato cha pili akaacha, sasa ni fundi wa nguo. Mamake yu hai. Fatma mwenziwe alisoma hadi chuo, na wao ni marafiki mpaka leo, yeye ndiye aliyemshonea nguo ya harusi. Alisema haya yote kwa utulivu, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Mimi ndiye niliyekuwa nachemka. Nikaanza kumwambia jinsi tulivyopigana kwa ajili yake, mkuu alivyosema, barua niliyoandikiwa.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilikwambia."

"Uliniambia nini?"

"Siku ya kwanza, kule stoo. Nilikuja mezani kwako nikakwambia, 'Mwalimu, mimi si wa hapa, wamekosea.' Ukaniambia, 'Kila mmoja leo asema si wa hapa. Nenda ukakae.'"

Nilimtazama usoni nikitafuta kama ana hasira. Hakuwa nayo. Nikajitafuta mimi mwenyewe kwenye kumbukumbu zangu, nikiwa nyuma ya ile meza, naye akiwa amesimama mbele yangu. Sikujiona. Sikumbuki hata kidogo. Nakumbuka boksi ya chaki, nakumbuka kicheko cha naibu, nakumbuka kila neno nililomwambia mkuu ofisini, lakini hili silikumbuki.

"Basi nikakaa," akasema. "Ukawa mwalimu mzuri, sitasema uongo. Lakini nilikuwa nimeshakwambia."

Nilimwomba msamaha. Akasema ameshasamehe tangu zamani, na kwamba hakuja kwa hilo, amekuja kumwandikisha mtoto. Nikamwandikisha.

Mliniuliza kwa nini miaka yangu mitatu ya mwisho nilikuwa nachelewesha kila kitu wiki ya kwanza ya muhula. Wengine mlidhani uzee umeniingia. Nilikuwa naweka kiti nje ya mlango wa darasa, nawaita watoto mmoja mmoja, nawauliza kama wamewekwa mahali pao. Wengi walisema ndiyo, na wengine walisema tu ili warudi kucheza. Waliosema hapana niliwaandika majina, yote matatu, nikaenda nao ofisini, na sikutoka huko mpaka faili limefunguliwa na karatasi ya mtoto imewekwa mezani.

Kiti chenyewe nimekiacha. Kiko nyuma ya mlango wa la nne, mguu mmoja umelegea.